Mpaka hauwi wa nchi tatu

Jana tena, barazani Mkunguni, kijana mmoja alikuwa akimweleza mwenzake kwamba Mandera ni "mpaka wa nchi tatu". Nimelisikia neno hilo mara nyingi mno, hata redioni.

Pale nchi tatu zinapogusana ni nukta, mahali pamoja tu ambapo mipaka mitatu inakutana. Kenya inazo nne: moja ndani ya Ziwa Viktoria, pamoja na Uganda na Tanzania; ya Mandera, pamoja na Ethiopia na Somalia; na mbili kule kaskazini-magharibi, upande wa Sudan Kusini.

Mpaka ni jambo la wawili. Nyumba yangu na ya jirani zimepakana: ukuta mmoja, huku kwangu, huku kwake. Ukuta huo una urefu, naupapasa toka dakani hadi uani. Lakini huko mwisho, nyumba ya tatu inapoingia, pana jiwe moja la tumbawe lililoshika kuta zote. Nalifunika kwa kiganja. Hatujapata kuliita ukuta wa watu watatu. Ni pembe.

Na nukta tumeitoa kwenye Kiarabu; kila aliyesoma chuo cha Kurani anaijua. Herufi be ina nukta moja chini, te mbili juu, the tatu juu. Katikati ya neno, be na nuni hazina tofauti ila hiyo nukta: chini ni be, juu ni nuni. Ikihama, umesoma neno jingine.

Nukta hukosewa hata Kazungula, kwenye mto Zambezi. Watu husema nchi nne zinakutana pale: Zambia, Botswana, Namibia na Zimbabwe. Hazikutani. Kuna nukta mbili za nchi tatu tatu, na kati yake kipande cha mpaka wa Zambia na Botswana, kama mita 150 hivi. Kwa kipande hicho lilipita daraja lililofunguliwa mwaka 2021, mita 923, tena limepinda ili lisiingie Zimbabwe. Anayetaka pembe nne za kweli aende Marekani, zinakokutana Utah, Colorado, New Mexico na Arizona. Nazo ni majimbo, si nchi.

Kwa hiyo, mwanangu, Mandera ni mji. Nukta yenyewe iko kando yake, kwenye mto Daua. Sema tu: "Mandera, inapokutana mipaka mitatu."