Jangwani hujaa mchanga kabla ya kujaa maji

Kila masika picha ni zilezile: maji ya kahawia yamefunika Barabara ya Morogoro pale Jangwani, Dar es Salaam, kati ya Fire na Magomeni Mapipa, mabasi ya mwendokasi yamesitisha safari, abiria wanavuka na viatu mkononi. Swali nalo ni lilelile, kwa nini isijengwe mitaro mikubwa zaidi? Kazi yangu ni mabonde ya mijini, yaani mito, udongo, mimea na watu wanaoishi humo, na jibu langu huwaudhi wengi. Mtaro mkubwa nao utajaa mchanga.

Mto Msimbazi, unaopita Jangwani, unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unapokea vijito kutoka Kinyerezi, Luhanga, Ubungo na Sinza, kisha unaingia baharini penye Daraja la Salenda. Vilima vile ni vya mawe laini ya mchanga yenye kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri, na udongo wa juu haushikani vizuri. Msitu ukiwepo, matone ya mvua huvunjwa nguvu na majani, mizizi hushika ardhi, na maji huzama taratibu. Msitu ukigeuka mkaa, hakuna tena cha kuyazuia. Halafu kuna ujenzi wetu wa kudunduliza. Greda linasawazisha kiwanja cha mteremkoni leo, fedha ya msingi inapatikana baada ya miaka mitatu, na muda wote huo ardhi iko uchi. Kwa sensa ya 2012 Dar es Salaam ilikuwa na watu 4,364,541; ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Wengi wa hawa walioongezeka hawakwenda Kariakoo. Walikwenda pembezoni, na sehemu ya pembezoni ndiyo hiyo miteremko.

Maji yenye kasi hubeba mchanga, yakipunguza kasi huutua. Ukilielewa hilo umeielewa Jangwani. Mto unashuka kwa nguvu hadi bonde la chini, ambako ardhi ni karibu tambarare na bahari ikijaa huyasukuma maji nyuma. Hapo mzigo wote unatuliwa. Kitanda cha mto kinapanda mwaka hadi mwaka, na nafasi iliyo chini ya daraja inapungua, kiasi kwamba mvua ambayo zamani ingepita bila habari sasa inapanda barabarani. Makatapila huletwa, mchanga huchotwa na kulundikwa ukingoni, na nimeona malundo hayohayo yakimomonyokea mtoni mvua zinazofuata.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na baadhi ya kaya za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Si kwamba hatukuwa tumeonywa. Mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1979 uliliweka bonde hili katika maeneo ya hatari. Hata ule wa kikoloni wa 1949 uliyaacha mabonde wazi ili upepo wa bahari uingie mjini. (Uliyatumia pia kutenga makazi ya Wazungu, Wahindi na Waafrika. Upepo nauchukua, hayo mengine wabaki nayo wenyewe.)

Sasa kuna fedha. Mpango wa bonde ulikamilika 2019, na mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200: kuhamisha wakazi kwa fidia, kutanua mto, kujenga daraja jipya refu pale Jangwani, na kuligeuza bonde la chini kuwa bustani kubwa ya jiji. Naiunga mkono. Bustani inayokubali kufunikwa na maji siku chache kwa mwaka ni matumizi ya akili kuliko nyumba inayofunikwa. Ninachokiogopa ni macho yote kuganda kwenye daraja na bustani, kwa kuwa ndivyo vinavyopigika picha, huku kazi ya juu ya bonde, ambayo haina cha kukatia utepe, ikisubiri.

Kazi hiyo ya juu ikoje? Kwanza ni kingo za vijito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mto, na mtu wa Dar akisikia "mita 60" anawaza alama ya X nyekundu ukutani. Nyumba ikishavunjwa, kipande kile kinabaki kitupu, na udongo mtupu pembeni ya kijito ni mchanga wa Jangwani wa kesho. Kipandwe matete, mabingobingo au mianzi wiki ileile. Matete hasa, maana mafuriko yakipita huinama, kisha huinuka.

Pili ni mapaa yetu. Bati la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 50 linamwaga lita 5,000, yaani simtanki tano za lita elfu moja, kwa nyumba moja. Uwanja nao ukizibwa kwa pevingi ukuta hadi ukuta, maji yote hayo yanakwenda barabarani, yanachimba korongo, na korongo linalisha mto. Sisemi kila mtu anunue simtanki tano. Mbili kwa anayeweza, na theluthi ya uwanja iachwe udongo wenye nyasi au mwembe.

Huko mwisho wa mto kuna mikoko. Watu huiona mikoko kama kitu cha kuzuia bahari, lakini pale Salenda inapigwa kutoka nchi kavu. Mchu, aina mojawapo ya mikoko, huvuta hewa kwa vijiti vya mizizi vinavyochomoza matopeni. Mchanga mwingi ukivifukia kwa mara moja, mti unakosa pumzi. Kupanda miche kwenye mlango wa mto ambako mchanga bado unamwagika ni kupoteza miche.

Wachimba mchanga nao ni lazima waingie kwenye hesabu. Wanafukuzwa, wanarudi usiku, kwa sababu jiji linalojenga kila siku halitaacha kununua mchanga. Wakichimba kingo za juu wanaharibu, lakini wakichota kwenye mabwawa ya kunasa mchanga, yaliyochimbwa makusudi pale mteremko unapoisha na lori linapofika, wanafanya bure kazi ambayo sasa tunalipia katapila. Kinachotakiwa ni vibali, sehemu zilizopimwa, na ushuru wa lori urudi serikali ya mtaa kununulia miche ya ukingo huohuo.