Maji meupe, meno ya kahawia: yaliyojadiliwa Ngurdoto bado yanatuhusu

Wiki haipiti bila mzazi mmoja kuingia maabara na chupa ya maji, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha na kuniuliza: "Mtaalamu, haya maji yana kasoro gani? Si unayaona yalivyo meupe?" Ni kweli, ni meupe. Hayana tope wala harufu, na yakiwa ya chemchemi iliyojengewa vizuri huenda hata vijidudu havimo. Lakini mtoto aliyeongozana naye akichekeshwa kidogo, mkono unakwenda mdomoni. Hajamaliza darasa la tatu na ameshajua kuficha meno.

Kinachoyatia meno hayo rangi ni floraidi. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa, kuanzia Ethiopia, kupita Nakuru nchini Kenya, hadi Meru na Kilimanjaro, ina madini haya kwa wingi. Maji yakipita ndani yake kwa muda mrefu huyayeyusha. Kungekuwa na kalisi (kalsiamu) ya kutosha kwenye maji, ingeikamata floraidi na kuizuia humo humo mwambani. Maji yetu mengi ya ukanda huu yana magadi mengi na kalisi kidogo, kwa hiyo floraidi inabaki imeyeyuka, nayo haina rangi, haina harufu, na kwa kiasi tunachokikuta visimani ulimi hauitambui.

Oktoba 1995 wataalamu kutoka nchi mbalimbali walikutana Ngurdoto, chini ya Mlima Meru, kwa warsha ya kwanza ya kimataifa juu ya kuzuia madhara ya floraidi na kuiondoa kwenye maji. Jirani tu na hapo unapita mto Maji ya Chai, ambao jina lake limetokana na rangi yake, na ambao floraidi yake ni mara kadhaa ya kiwango kinachokubalika. Warsha ya pili ilifanyika mwaka 1997 Nazareth, Ethiopia, mji ulio karibu na mashamba ya miwa ya Wonji, ambako wafanyakazi waliokunywa maji ya visima kwa miaka mingi walipinda migongo. Ya tatu ilikuwa Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, mwaka 2000, eneo lingine lenye tatizo hilo hilo. Naupenda sana mpangilio huo. Mkutano wa ubora wa maji unapofanyika mahali ambapo mhudumu anayekuletea glasi ya maji ana madoa kwenye meno, mjadala hauwezi kuelea hewani.

Na watoto wetu walikuwa wameshaifundisha dunia kabla ya hapo. Mwaka 1978 madaktari wawili wa meno kutoka Denmark, Thylstrup na Fejerskov, walichapisha kipimo cha madhara ya floraidi kwenye meno kinachokwenda kutoka 0 hadi 9. Sifuri ni jino lisilo na dalili. Halafu vinakuja vistari vyeupe kama chaki, kisha jino zima kupauka, kisha vishimo, hadi tisa, ambapo tabaka la juu la jino limemeguka karibu lote. Kipimo hicho kinatumika hadi leo katika tafiti za nchi nyingi, na kilitokana na uchunguzi wa meno ya watoto wa Tanzania. Ndiyo maana naona ni deni letu, sisi wa maabara na wa idara za maji, kuhakikisha maarifa hayo yanarudi kwenye majiko ya nyumba walikotoka wale watoto.

Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Tanzania mwaka 1974 iliweka kiwango cha muda cha 8, kwa sababu kufuata kile cha dunia kungemaanisha kufunga vyanzo vingi vya vijijini bila kuwa na vingine vya kuwapa watu. Baadaye kikashushwa hadi 4, na sasa nasi tuko kwenye 1.5. Kushusha namba kwenye karatasi ni hatua njema, lakini kisima kilichochimbwa enzi za 8 bado kinatoa maji yale yale.

Sasa nije kwenye jambo linalowakwamisha wengi: kuchemsha. Tumefundishwa, na ni sawa, kwamba maji ya kunywa yachemshwe. Kuchemsha kunaua vijidudu. Floraidi si mdudu. Maji yakichemka sehemu inapaa kama mvuke na floraidi inabaki sufuriani, kwa hiyo maji yaliyochemshwa muda mrefu yanakuwa na floraidi nyingi zaidi kuliko yalivyotoka bombani. Chujio la kitambaa halisaidii, dawa ya klorini haisaidii, kuacha maji yatulie mtungini usiku kucha hakusaidii.

Kinachosaidia kilijadiliwa kwa undani pale Ngurdoto, na njia mbili ndizo zilizovuta mjadala. Ya kwanza ilitoka India na inaitwa kwa jina la wilaya ya Nalgonda: unaweka shabu na chokaa kwenye ndoo ya maji, unakoroga kwa kasi, kisha polepole, unaona mawingu meupe yakijikusanya na kuzama taratibu, nayo yanashuka na floraidi. Bomba la ndoo linafungwa juu kidogo ya kitako ili mashapo yabaki chini. Ni njia ya bei nafuu, ila inataka kipimo sahihi cha shabu kila siku, na maji yenye floraidi nyingi sana hayafiki 1.5 kwa njia hii peke yake.

Ya pili ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa inachomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 hivi, kisha inapondwa na kuchekechwa kuwa chembe ndogo za kujaza kwenye chujio linalopitishwa maji. Chukua chembe hizo kiganjani uziangalie. Zikiwa nyeusi au za kijivu iliyokolea, uchomaji umekwenda vizuri. Zikiwa na ukahawia, mafuta hayajaisha, na maji yatanuka mfupa. Hapo familia itaacha kulitumia chujio ndani ya siku mbili. Zikiwa nyeupe kama chaki, joto limezidi na nguvu ya kunasa floraidi imepotea. Wapo wanaosita kwa sababu za dini, wakitaka kujua ni mifupa ya mnyama gani na alichinjwaje. Swali hilo ni la haki, na mtengenezaji anapaswa kulijibu kabla hajaulizwa. Huko Nakuru, mradi wa Jimbo Katoliki umetengeneza vichujio vya aina hii kwa miaka mingi.

Hatari ya chujio hili ni moja, na naomba isisahaulike. Mkaa unajaa. Siku unapojaa hautoi dalili: maji yanatoka meupe vile vile, matamu vile vile, na floraidi inapita. Nimeshapima maji ya chujio ambalo familia ililitunza kama mboni ya jicho, wakalifunika na kulifuta kila asubuhi, kumbe mkaa wake ulikuwa umeshachoka. Chujio lisilopimwa linampa mama utulivu wa moyo na kumwacha mtoto kwenye madhara.

Mtoto ndiye wa kutazamwa kwanza. Meno ya kudumu yanajengeka ndani ya ufizi tangu uchanga hadi karibu miaka minane, na ni wakati huo tu floraidi inapoyaharibu. Yakishatoka, doa halisuguliki kwa majivu, mkaa wala mchanga. Kusugua kunaliumiza jino bure. Mifupa ya mtu mzima nayo inaathirika, lakini kwa maji makali zaidi na kwa miaka mingi. Kwa hiyo nyumba yenye maji mazuri kidogo, tuseme ndoo moja ya mvua, iyatenge kwa ajili ya kunywa na kupikia chakula cha wadogo. Ya kufulia na kuogea si lazima yachujwe.

Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama mama mwenyewe anakunywa maji yenye floraidi nyingi. Miezi sita ya kunyonya bila kitu kingine ni kinga kubwa ya miezi sita. Uji unapoanza, ndipo maji ya kupikia yanapokuwa na uzito. Kuna na magadi tunayolainishia makande na maharage: baadhi yake yana floraidi nyingi mno. Loweka maharage tangu jana yake, uyaache magadi.

Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Safisha bati na mifereji, mvua ya kwanza iache imwagike, kisha kinga.

Ukitaka kujua namba ya maji yako, leta sampuli kwenye maabara ya maji iliyo karibu nawe. Tumia chupa ya plastiki, si ya kioo, kwa kuwa floraidi inaweza kushikana na kioo. Isuuze mara tatu kwa maji yale yale utakayoyapima, acha bomba limwage kidogo, kisha ijaze. Andika jina la chanzo, kijiji, tarehe, na kama maji yamepita kwenye chujio. Kama yamepita, leta chupa mbili: ya kabla ya chujio na ya baada.