Kila Seva Ina Mwenyewe: Dhana Potofu za Wanaohama X

Tangu Elon Musk ainunue Twitter (ambayo sasa ni X) Oktoba 2022, wanaonitafuta hapa Nairobi niwasaidie kuhama wanaimba wimbo mmoja. Mwanahabari, mwenye duka la nguo Eastleigh, mwanafunzi wa sheria: "Boss, nitafutie ile mtandao haina mwenyewe. Huko nani atanifungia?"

Atakayekufungia ni mwenye seva, ile kompyuta inayohifadhi akaunti yako. Mtandao uliogatuliwa, yaani uliogawanywa kwenye seva nyingi, una wenyewe, tena wengi, na Mkenya hapaswi kuelezwa jambo hili mara mbili: ugatuzi ulituletea kaunti 47, na hakuna hata moja iliyokosa gavana. Mastodon, aliyoianzisha Eugen Rochko mwaka 2016, ni programu ya mtandao wa kijamii ambayo yeyote anaweza kuiweka kwenye seva yake. Seva hizo huelewana kwa itifaki (kanuni za mawasiliano) ya ActivityPub, iliyoidhinishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Januari 2018, ndiyo maana aliye seva hii humfuata aliye seva ile. Lakini kila msimamizi ana kanuni zake, bili zake na hasira zake. Anaweza kukufunga leo jioni bila maelezo. Anaweza pia kukata uhusiano na seva nzima. Gab, mtandao unaojulikana kwa matamshi ya chuki, ulipohamia kwenye msimbo wa Mastodon mwaka 2019, seva nyingi ziliufungia mlango.

Tena anaweza kusoma ujumbe wako, na hapa ndipo huwa napandisha sauti. Ujumbe wa faragha wa Mastodon haujasimbwa mwanzo hadi mwisho, yaani haujafichwa usomwe na mwandishi na mpokeaji pekee. Unakaa kwenye hifadhidata ya seva yako na ya yule unayemwandikia. Isitoshe, ni chapisho la kawaida tu linaloonyeshwa kwa waliotajwa ndani yake. Mteja wangu mmoja alikuwa akimlalamikia rafikiye kuhusu bosi wao, akamtaja bosi kwa alama ya @ na anwani yake kamili. Bosi akapata arifa, akasoma yote. Programu haikukosea. Mambo ya vyanzo vya habari, ya kesi na ya ndoa yapeleke Signal, programu ya ujumbe uliosimbwa, yasikanyage huku.

Basi kabla ya kujisajili, fungua ukurasa wa seva unaojieleza. Anayeiendesha ni nani? Yuko peke yake? Fedha zinatoka wapi? Seva zilizoorodheshwa joinmastodon.org zimekubali masharti fulani: nakala rudufu kila siku, angalau mtu mwingine mmoja anayeweza kuingia kukiwa na dharura, na notisi ya miezi mitatu kabla ya kufunga. Notisi hiyo ina uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu seva ya zamani ndiyo inayotangazia nyingine kwamba umehama. Ikizimika ghafla, hakuna wa kuwahamisha wafuasi wako. Angalia hata anwani yake: seva moja iliyojipamba kwa .af, kikoa (mwisho wa anwani za tovuti) cha Afghanistan, ilinyang'anywa jina hilo chini ya utawala wa Taliban Februari 2024.

Hata uhamaji ukienda vizuri, wanaokuja nawe ni wafuasi. Machapisho yanabaki ulikotoka. Orodha ya unaowafuata utaipakua mwenyewe na kuipandisha upya, na ukishahama utasubiri siku 30 kabla ya kuhama tena. Usirukeruke.

"Bluesky si ni Mastodon tu, ila rahisi?" Hapana. Bluesky ilianza kama mradi wa Twitter mwaka 2019, inatumia itifaki nyingine, AT Protocol, na ilifungulia watu wote mlango Februari 2024. Kinachonifurahisha ni kwamba kikoa chako, yaani anwani ya tovuti yako, kinaweza kuwa jina la akaunti. Kama duka lako lina .co.ke, litumie, usiniulize kwa nini. Mteja anayekujua kwa anwani hiyo hatakuchanganya na tapeli. Kwenye karatasi unaweza kuhamisha akaunti yako kutoka kwa kampuni ya Bluesky, ila walio wengi bado wamekaa kwenye seva zake. Na jua kwamba orodha ya uliowazuia huko iko wazi kwa yeyote anayejua pa kuangalia.

Wa Nostr, mtandao mwingine uliogatuliwa, wao huniuliza nenosiri likipotea litarudishwa na nani. Hakuna. Huko una ufunguo wa siri, si nenosiri. Ukiupoteza akaunti imekwenda, na akiupata mwingine, akaunti ni yake pia. Kama PIN ya M-Pesa umeiandika nyuma ya simu, Nostr si yako.

Seva iko Ujerumani, kwa hiyo sheria ya Kenya haikufikii? Wewe umekaa Kasarani ukiandika. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inakutafuta wewe, si seva.

La mwisho ni la wenye hasira, wanaotaka kufuta akaunti ya X siku hiyohiyo. Usifute. Jina likiachwa wazi mwingine anaweza kulichukua, na wateja wako wa miaka yote watakuwa wanazungumza naye. Badilisha nenosiri, washa uthibitishaji wa hatua mbili, bandika anwani mpya juu ya wasifu, kisha iache ikae.