Je, wajua kwa nini tairi linaloingia vizuri kwenye rimu huenda lisifae gari la umeme?

Mwenye gari anapofika dukani kutafuta tairi, mara nyingi hutaja namba moja tu, yaani saizi ya rimu, na muuzaji makini humwomba mbili zinazoitangulia. Wakishapatana juu ya hizo tatu, tairi hushushwa, fundi hulivalisha na kulijaza upepo, na safari huendelea. Kwa gari la umeme mazoea hayo hayatoshi, kwa sababu jambo lililo zito kuliko yote limeandikwa baada ya namba hizo tatu, katika tarakimu mbili au tatu na herufi moja ambazo wengi wetu hatuzisomi.

Tuchukue Nissan Leaf, gari la umeme lililoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010, ambalo leo huonekana pia katika barabara za Nairobi, likiwa limeagizwa kutoka Japani baada ya kutumika huko. Matoleo yake mengi huvaa tairi lenye maandishi 205/55R16 91V. Namba ya kwanza, 205, ni upana wa tairi lililojazwa upepo, kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, kwa milimita; si upana wa sehemu inayokanyaga lami, ambayo aghalabu huwa nyembamba kuliko hapo. Namba ya pili, 55, si kipimo bali ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 55 ya upana, yaani karibu milimita 113. Hapa ndipo wengi hukosea, kwani 55 ya tairi la 205 na 55 ya tairi la 225 si kimo kimoja, na anayeongeza upana bila kupunguza asilimia huwa ameongeza pia urefu wa tairi zima. Herufi R hueleza jinsi nyuzi za ndani zilivyolazwa, kwamba zimekatisha moja kwa moja kutoka ukingo mmoja wa tairi hadi wa pili badala ya kupishana kwa mshazari. Mtindo huu uliingizwa sokoni na Michelin mwaka 1949. Namba 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Mstari mmoja mfupi, basi, una milimita, asilimia na inchi, na si ajabu kwamba huwachanganya watu.

Ukizidisha kimo cha ubavu kwa mbili, kisha ukajumlisha na inchi 16 zilizogeuzwa kuwa milimita 406, utapata kipenyo cha tairi zima, takribani milimita 632. Matoleo mengine ya Leaf hutoka kiwandani na tairi la 215/50R17, ambalo kwa hesabu hiyohiyo lina kipenyo cha milimita 647 hivi. Rimu imeongezeka kwa inchi nzima, lakini tairi lenyewe limekua kwa asilimia 2.4 tu, kwa sababu ubavu umepunguzwa. Tofauti hiyo ndogo bado huathiri spidi na idadi ya kilomita zinazoonyeshwa kwenye dashibodi, na katika gari la umeme huathiri pia hesabu ya kilomita zilizobaki kwenye betri, kwa kuwa kompyuta ya gari huhesabu mizunguko ya magurudumu na haina habari kwamba mwenyewe amebadilisha saizi.

Sasa tufike kwenye 91, namba ninayoitetea katika makala haya. Hiyo ndiyo alama ya mzigo. Haimaanishi kilo 91, wala haipandi kwa ulinganifu. Husomwa katika jedwali la kimataifa ambalo 91 ni kilo 615 kwa tairi moja, 94 ni kilo 670, 98 ni kilo 750 na 100 ni kilo 800. Leaf ya mwanzo ina uzito wa takribani kilo 1,500 ikiwa tupu, na betri yake peke yake ni karibu kilo 300. Matairi manne ya 91 kwa pamoja hubeba kilo 2,460, nazo zinatosha. Lakini magari ya umeme yaliyofuata yamekuwa mazito zaidi, na hapo saizi ileile yaweza kuwa salama au hatari kulingana na alama hii. Tesla Model 3 hutumia 235/45R18 yenye alama 98, wakati sokoni yapo pia matairi ya 235/45R18 yenye alama 94. Yote mawili huingia kwenye rimu bila shida, na kwa macho huwezi kuyatofautisha, ila la pili limepungukiwa na uwezo wa kilo 80 kila moja, sawa na abiria mmoja mzima juu ya kila gurudumu.

Inafaa kuelewa uwezo huo unatoka wapi. Kinachobeba gari kwa sehemu kubwa si mpira, bali ni upepo uliofungiwa ndani. Kazi ya mpira na nyuzi zake ni kuuzuia upepo huo usitoroke wala kulivimbisha tairi. Ili saizi ileile ibebe mzigo mkubwa zaidi, ni lazima upepo uongezwe, na ili upepo uongezwe, kuta ziimarishwe. Tairi lililoimarishwa hivyo huandikwa XL, na mzigo wake hupimwa kwa upepo wa baa 2.9, yaani PSI 42, badala ya baa 2.5 za tairi la kawaida. Magari ya umeme yalipozidi hata uwezo huo, ilizuka alama mpya, HL, ambayo huandikwa mwanzoni kabla ya saizi. Pirelli ilitangaza tairi lake la aina hiyo mwaka 2021 kwa ajili ya gari la Lucid Air. Kwa hiyo anayenunua XL kisha akajaziwa upepo wa tairi la kawaida kwa mazoea ya fundi amelipia nguvu ambayo haitumii. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa katika nguzo ya mlango wa dereva. Ile namba kubwa ya PSI iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi, si maelekezo ya gari lako.

Herufi ya mwisho, V, ni kikomo cha mwendo: T ni kilomita 190 kwa saa, H ni 210, V ni 240 na W ni 270. Msomaji anaweza kuuliza inamhusu nini, wakati Leaf ya mwanzo haifiki hata 160. Jibu ni kwamba herufi hiyo hueleza kwa njia nyingine uvumilivu wa tairi dhidi ya joto, na joto ndilo adui wa tairi lililobeba mzigo mkubwa juu ya lami iliyopigwa na jua. Usishuke chini ya herufi iliyochaguliwa na mtengenezaji wa gari.

Uzito si tofauti pekee. Injini ya petroli ya lita 1.6 hutoa nguvu yake kubwa ya kuzungusha, niutoni-mita 150 hivi, pale tu inapokuwa imeshapanda mizunguko elfu kadhaa kwa dakika. Mota ya Leaf ya mwanzo hutoa niutoni-mita 280 tangu gari likiwa limesimama. Nguvu hiyo yote hupita katika magurudumu mawili ya mbele, kila moja likigusa lami kwa sehemu ndogo ya mpira iliyo sawa na kiganja cha mkono. Dereva akiachia pedali, mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri, na breki hiyo pia hupitia magurudumu yaleyale yanayosukuma. Ndiyo maana kashata za matairi ya mbele ya Leaf huisha mapema kuliko za nyuma, na ni busara kuyahamisha mbele na nyuma kila baada ya kilomita 10,000 hivi, kabla ya mawili kuwa vipara huku mengine mawili yakiwa bado mapya.

Kisha kuna jambo linalogusa mfuko moja kwa moja. Tairi linapobingirika hubonyea na kurudi mara nyingi, na kila mara hupoteza nishati kidogo kama joto. Katika gari la petroli hasara hiyo hufunikwa na hasara kubwa zaidi ya injini, ambayo hupeleka kwenye magurudumu sehemu ndogo tu ya nishati ya mafuta. Gari la umeme halina pa kuificha. Umoja wa Ulaya hupanga matairi katika madaraja kuanzia A hadi E: tairi la daraja A huhitaji nguvu isiyozidi ile ya kuinua kilo 6.5 ili kubingirisha tani moja, na la daraja E huhitaji kilo 10.6 au zaidi. Kwa gari la kilo 1,600 pamoja na dereva, hiyo ni uniti 2.8 za umeme kwa kila kilomita 100 dhidi ya uniti 4.6. Kwa Leaf, inayotumia uniti 15 hadi 18 kwa mwendo huo, tofauti ya uniti 1.8 ni sehemu moja ya kumi ya safari au zaidi kidogo, na kwa mwenye betri iliyokwisha kuchoka si kitu cha kupuuza.

Hata hivyo, sikushauri ununue kwa kuitazama herufi hiyo peke yake. Lebo yenye madaraja hayo huonyesha pia daraja la kushika barabara wakati wa mvua, na mpira unaobingirika kirahisi juu ya lami kavu huweza kuteleza mahali usipotaka. Mchanganyiko wa silika katika mpira, ambao Michelin ilianza kuuza mwaka 1992, ulipunguza mgongano huo bila kuuondoa. Kati ya tairi la A kwa umeme na C kwa mvua, na lingine la B kwa yote mawili, mimi ningechukua la pili bila kusita, maana gari zito huhitaji mshiko zaidi ili lisimame.

Wahandisi wa BMW walijaribu njia nyingine kabisa katika gari la i3 la mwaka 2013. Walilipa tairi la 155/70R19, jembamba kama la gari dogo sana lakini lenye kipenyo cha karibu sentimita 70. Gurudumu refu hubonyea kwa kiasi kidogo kuliko fupi kila linapogusa chini, na tairi jembamba hukata hewa kwa urahisi. Njia hiyo ilifaulu, ila wenye magari hayo hulazimika kutafuta saizi ambayo haitumiwi na karibu gari jingine lolote.

Kwa anayenunua gari lililotumika Japani, nashauri aanze na ubavu wa matairi liliyokuja nayo. Tarakimu nne mwishoni mwa namba inayoanza na herufi DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Akikuta neno STUDLESS, ajue hayo ni matairi ya theluji, ambayo mpira wake ni laini kwa makusudi na huisha upesi katika joto la Mombasa, hasa chini ya gari zito.

Mwisho ni pancha. Kwa kuwa gari la umeme halina ngurumo ya injini, mlio wa matairi husikika zaidi, na baadhi ya matairi hubandikwa sifongo kwa ndani ili kuupunguza. Fundi asiyelijua hilo huweza kushangaa akilifungua tairi, au akaling'oa sifongo lote akidhani ni uchafu. Mweleze kabla hajaanza: hukatwa kipande kilicho juu ya tundu tu, mpira husafishwa, kiraka hubandikwa kwa ndani, na tairi husawazishwa upya kabla ya kurudishwa kwenye gari.