Faili yenye nywila ndiyo itakayokusumbua

Sera ya viambatisho vya barua pepe kwa kawaida huanza na orodha ya aina za faili za kuzuiwa. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Zuia .exe, .scr, .js, .vbs, .lnk na .iso, na hutasikia malalamiko. Hakuna mhasibu wa Upper Hill, Nairobi, anayeletewa LPO (oda ya ununuzi) kwa .vbs. Orodha ipitiwe mara kwa mara, kwani Microsoft ilipoanza mwaka 2022 kuzuia makro (programu ndogo zilizo ndani ya hati) za hati zinazotoka intaneti, wahalifu walihamia .iso na .lnk, kisha faili za OneNote, programu ya madokezo ya Microsoft.

Kazi ngumu ni faili zilizofungwa kwa nywila. Kichujio cha barua hakioni kilichomo ndani, na wezi wanalijua hilo: wanatuma zipu, nywila wanaiandika kwenye barua hiyohiyo. Utashauriwa uzizuie zote. Sasa jaribu hivyo kwenye sacco au kampuni ya mikopo hapa Nairobi, ambako taarifa ya M-Pesa yenyewe huja ikiwa PDF yenye nywila. Dawati la mikopo litakwama, na kabla ya saa sita kila mtu atakuwa akipokea faili kwa WhatsApp yake, mahali ambapo wewe huoni chochote.

Mimi huzitenganisha. Zipu na RAR zenye nywila zinaenda moja kwa moja karantini, yaani zinashikiliwa pembeni hadi mtu azikague. PDF yenye nywila inapita ikiwa mtumaji anajulikana na barua yake imefaulu ukaguzi wa SPF, DKIM na DMARC, unaothibitisha kwamba barua imetoka kweli kwenye kikoa inachodai. Mteja anayetuma taarifa kutoka Gmail yake anapewa anwani moja maalumu, na faili hizo hufunguliwa kwenye kompyuta iliyotengwa mbali na mtandao wa ofisi.

Karantini nayo inataka mtu mwenye jina na zamu. Zabuni ikifungwa saa tano na faili ikaachiliwa saa nane, sera yako imekufa siku hiyo. (Mkurugenzi ataomba sera isimhusu yeye. Mkatalie kwa heshima. Ankara feki humlenga yeye na anayemlipia.)

Kila faili inayoachiliwa iandikwe: nani kaiomba, nani kaifungua, lini. Data za watu zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa saa 72 tangu ugundue kumjulisha Kamishna wa Data, naye atataka maelezo hayohayo.