Je, wajua kwa nini bomba huziba siku hita mpya inapofungwa?

Hita yetu ya zamani ilivuja mwezi mzima, ndoo ikikaa chini yake kama mtu wa familia. Jumamosi fundi akaja, akaing'oa, akafunga mpya ya lita 50, akalipwa, akaaga. Jumapili asubuhi bomba la jikoni upande wa moto likawa linatoa maji membamba kama uzi wa kushonea. Shawa ikawa inarusha pembeni tu, matundu ya katikati hayatoi kitu. Mashine ya kufulia ikaanza, ikanguruma kidogo, ikasimama na kulalamika kwamba haipati maji. Nikampigia fundi, salamu yenyewe nimeikata nusu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Umefungua neti, kaka?"

Sikujua kama bomba lina neti. Mdomo wa bomba la jikoni, ile pete ya mwisho inayong'aa, hufunguka kwa kuzungusha. Ukiwa mgumu, unaufunga kitambaa na kuushika kwa praizi bila kuukaba sana. Ndani kuna kidude cha plastiki chenye neti laini, kazi yake kuchanganya maji na hewa ili yasiruke ovyo. Juu ya neti ile nilikuta karibu kijiko kizima cha chenga: nyeupe kama ganda la yai lililopondwa, za kahawia, na kipande cha ile tepu nyeupe ambayo mafundi huzungushia nyuzi za bomba. Hita mpya niliyokuwa naisema vibaya haikuwa na chenga hata moja yake pale.

Zimetoka wapi? Hizo nyeupe ni chokaa, na chokaa ina tabia ya kushangaza. Sukari ukiitia kwenye chai ya moto inayeyuka upesi kuliko kwenye maji baridi. Chokaa ni kinyume: maji yakipata moto, inaachana nayo. Mvua inapopenya ardhini hubeba hewa ya ukaa kutoka kwenye udongo na kuwa na uchachu kidogo, na kwa uchachu huo huyeyusha mawe ya chokaa polepole. Maji yakifika kwenye hita na kuchemshwa, ile hewa ya ukaa inatoka, uchachu unapungua, na lile jiwe lililokuwa limeyeyuka linarudi kuwa jiwe. Ule utandu mweupe chini ya birika lako la umeme ni kitu hichohicho.

Pwani yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa tupu. Mji Mkongwe wa Zanzibar umejengwa kwa mawe hayo na kwa chokaa iliyochomwa kutokana nayo. Saruji ya Wazo Hill, Dar es Salaam, inaanzia kwenye chokaa ya mlima uleule. Sasa fikiria kisima kilichochimbwa katikati ya ardhi ya namna hiyo. Maji yakizidi miligramu 180 za chokaa kwa lita huhesabiwa kuwa magumu sana, na dalili yake unaijua bila maabara: unasugua sabuni, povu haliji. Tuseme kisima chako kina 300, na nyumba inatumia lita 100 za maji moto kwa siku. Hiyo ni gramu 30 za chokaa zinazopita ndani ya hita kila siku. Hata sehemu moja tu ya kumi ikibaki humo, mwaka ukiisha una zaidi ya kilo moja ya mawe. Hita yetu ya zamani, ilipokwisha kumwagwa maji na kubebwa nje, ilikuwa inalia kama kayamba.

Lakini hapa kuna fumbo. Ikiwa mawe yameondoka na hita ya zamani, mbona yanaziba bomba baada ya hita hiyo kutoka? Kwa sababu mengi hayakuwa ndani ya hita peke yake. Bomba la maji moto lenyewe hujijengea ganda kwa ndani, mwaka hadi mwaka, na ganda hilo hutulia maadamu maji yanapita kwa mwendo uleule. Siku ya kubadilisha, fundi anafunga koki, bomba linabaki tupu, hewa inaingia, ganda linakauka kidogo. Kisha koki inafunguliwa kwa mkupuo mmoja. Maji yanakuja yamechanganyika na hewa, yanakohoa, yanapiga kishindo ukutani. Kila kilichokuwa kimeshikilia kwa shida kinang'oka. Kama nyumba ina mabomba ya chuma ya zamani, kutu nayo inaambatana. Ongeza unga wa msumeno uliokatia bomba, vipande vya tepu, na tope la chini ya simtanki, ambalo huvurugika kila tanki likishuka hadi mwisho na kujazwa upya.

Kuna na njia nyingine isiyosemwa sana. Hita nyingi za ukutani kwetu huingiza maji baridi kwa chini, palepale masimbi, yaani tope na chenga zilizozama, yanapolala. Fundi akiimwaga kwa kurudisha maji kwenye bomba la baridi badala ya kukinga ndoo, tope lote linateremkia upande ambao haukuwa na shida kabisa. Ndiyo maana mashine yangu ya kufulia, inayovuta maji baridi tu na kuyachemsha yenyewe, nayo ilikabwa. Hata Nairobi, ambako maji ya bwawa la Ndakaini ni laini na yana chokaa kidogo, neti huziba siku ya ufundi. Huko lawama ziende kwa kutu na tope.

Na sisi wa matanki ya juu tunaumia mapema kuliko wengine. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa takribani presha ya baa moja (baa ni kipimo cha presha). Simtanki lako likiwa mita 5 juu ya sinki, una nusu baa tu. Aliyeungwa kwenye mtandao wenye presha ya baa tatu anaweza asione neti iliyoziba nusu. Wewe unabaki na uzi wa kushonea.

Kabla ya kusafisha, ni vizuri ujue ulichokamata. Weka chenga kwenye kikombe cha siki. Zikitoa mapovu na kuisha taratibu, ni chokaa. Zikizama na kukaa kimya, ni mchanga au kutu. Zikielea, shuku plastiki. Marekani, katikati ya miaka ya 1990, hita nyingi zilitoka kiwandani na bomba la ndani la plastiki mbovu, lile linalopeleka maji baridi chini ya tenki. Lilimomonyoka, na watu wakawa wanatoa chenga nyeupe kwenye mabomba yao wakidhani ni chokaa.

Sasa kazi yenyewe. Kosa la wengi, na langu lilikuwa hilo, ni kufungua mabomba yote pamoja "ili uchafu utoke". Presha ni ndogo, ukiigawa mara tano hakuna bomba linalopata nguvu ya kusukuma kitu. Toa neti zote kwanza, fungua kichwa cha shawa, tenga mpira wa mashine. Anza na bomba la ndoo bafuni, lile la chini, kwa sababu mara nyingi halina neti na mdomo wake ni mpana. Lifungue peke yake, hadi mwisho, upande wa baridi kwanza kisha wa moto, ukikinga ndoo yenye kitambaa cheupe ili uone kinachotoka. Kitambaa kikibaki safi, nenda bomba linalofuata. Maji ya ndoo usiyamwage, yanatosha kudekia. Kichwa cha shawa kinarudi mwisho kabisa.

Neti na kichwa cha shawa viloweke kwenye siki nyeupe kwa saa moja hivi, kisha piga mswaki wa zamani. Maji ya ndimu yanafanya kazi ileile kama siki imekwisha. Usiviache usiku kucha, maana asidi ikimaliza chokaa inaanza kula ung'avu wa bomba. Na usichanganye siki na jiki hata tone: mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini, na bafu dogo lisilo na dirisha si mahali pa kujifunza hilo.

Mashine ya kufulia ina neti yake, ndogo kama kofia ya kidole, nyuma pale mpira wa maji unapoingilia. Chomoa umeme, funga koki, fungua mpira, uivute kwa praizi yenye mdomo mwembamba. Yangu ilikuwa imejaa tope la kijivu lililoshikamana kama uji uliopoa. Usijaribu kuendesha mashine bila neti hiyo. Chenga ikipita inakwama kwenye valvu, na valvu haioshwi kwa mswaki.

Ukishafanya yote na bado maji ni haba, acha kusugua, linganisha. Bomba moja tu likisumbua upande wa moto, tatizo liko kwenye koki ndogo chini ya sinki au ndani ya kichwa cha mikisa, lile bomba linalochanganya maji moto na baridi. Mabomba yote ya moto yakiwa dhaifu na ya baridi yana nguvu, rudi kwenye hita: pengine koki haijafunguliwa kikamilifu, au tepu iliyozidi imekunjamana ndani ya kiungo. Hapo mwite fundi, na safari hii msalimie.

Hita mpya yenyewe isiwashwe umeme mpaka bomba la moto litiririke bila kukohoa. Kukohoa maana yake ni hewa, na hewa maana yake tenki halijajaa. Elementi, ile sehemu ya umeme inayochemsha maji, ikiwaka bila maji huungua kwa dakika chache.

Nilifungua neti ya jikoni tena baada ya wiki moja, nikakuta chenga tano. Wiki ya tatu nilikuta moja, ya kahawia. Kipande cha pili cha tepu kilitokea kwenye shawa siku ambayo nilikuwa nimeshasahau habari hizi.