Ireland Haimo Ndani ya Uingereza

Wiki iliyopita nililetewa rasimu ya habari niihariri, na sentensi yake ya kwanza ilimtaja Catherine Connolly kuwa "Rais wa Ireland, mojawapo ya nchi nne zinazounda Uingereza." Aliyeiandika ni kijana mwenye bidii ambaye Kiswahili chake ni safi kuliko cha wengi wa rika lake. Aliandika alichofundishwa. Lakini nimefasiri na kuhariri habari za Ireland kwa wasomaji wa Kiswahili kwa miaka mingi, nikiwa ninaishi hapa Dublin, mji mkuu wa Ireland, na sentensi hiyo nimeifuta mara nyingi mno. Safari hii nimeona niandike kwa urefu, kwa sababu sentensi yenyewe inajikanusha na hakuna aliyeshtuka: ufalme utakuwaje na nchi ndani yake ambayo ina rais wake, aliyechaguliwa na wananchi kwa muhula wa miaka saba?

Historia nitaipitia haraka, maana inapatikana kokote. Ireland iliunganishwa na Britania, yaani England, Scotland na Wales, kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1801. Baada ya maasi ya Pasaka ya 1916 na vita vya 1919 hadi 1921, mkataba ulitiwa saini London tarehe 6 Desemba 1921, na mwaka mmoja baadaye kaunti 26 kati ya 32 zikawa dola yenye bunge lake. Katiba ya sasa ni ya 1937. Tarehe 18 Aprili 1949 nchi ikawa jamhuri kamili, ikatoka Jumuiya ya Madola, na haijarudi. Leo inatumia euro, imo katika Umoja wa Ulaya, na haimo katika NATO. Serikali huongozwa na waziri mkuu, ambaye cheo chake katika lugha ya Kiairishi ni Taoiseach. Tangu Januari 2025 ni Micheál Martin.

Sasa tufike penye kosa. Ninaamini tatizo halianzii kwenye ramani; linaanzia kwenye Kiswahili chetu. Neno "Uingereza" tumelibebesha mizigo mitatu. Katika mpira, Uingereza ni England, na inaweza kucheza dhidi ya Wales. Katika siasa, Uingereza ni ufalme mzima, na Wales imo ndani yake. Katika atlasi tulizosomea shuleni, "Visiwa vya Uingereza" ni kila kipande cha ardhi kilichopo kaskazini-magharibi ya Ufaransa, pamoja na kisiwa chote cha Ireland. Mtoto aliyeikariri ramani hiyo hana kosa akidhani kwamba Dublin iko Uingereza, kwa kuwa kitabu kimemwambia hivyo kwa herufi kubwa. Serikali ya Ireland hailitumii jina hilo la visiwa, na mimi nimeacha kulifasiri. Mimi huandika "Ireland na Britania" na kuendelea na kazi.

Kuna jambo la ndani zaidi, na hili sijaliona likisemwa na wenzangu. Sarufi yetu inatuvuta. Tuna Kiingereza, tuna Mwingereza, tuna Uingereza. Mzizi ni mmoja, viambishi vinabadilika, na akili inafuata mzizi. Anayezungumza Kichina ni Mchina kutoka Uchina, na anayezungumza Kifaransa kama lugha ya mama tunamdhania Mfaransa mpaka atuambie kuwa ni Mbelgiji. Waairishi walio wengi wamelelewa kwa Kiingereza, basi neno "Mwingereza" linatutoka kabla hatujafikiri. Nimewahi kusikia Brother Colm O'Connell, mtawa aliyefika Iten, Kenya, mwaka 1976 na kumfundisha mbio David Rudisha, akiitwa "yule kocha Mwingereza" na watu wanaompenda kwa dhati. Ni Mwairishi. Katiba ya nchi yake inasema kwamba lugha ya kwanza rasmi ni Kiairishi, hata kama wanaoizungumza kila siku ni wachache.

Wasomaji wa Tanzania, wakijaribu kunisaidia, huniandikia: "Kwa hiyo Ireland kwa Uingereza ni kama Zanzibar kwa Tanzania." Hapana, na nitaieleza kwa subira kwa sababu mfano huu unavutia na unapotosha. Zanzibar imo ndani ya Muungano wa 1964, ina Rais wake na Baraza lake la Wawakilishi, lakini pasipoti ni ya Tanzania na kiti cha Umoja wa Mataifa ni kimoja. Ukitaka kufananisha, fananisha na Scotland, tena kwa tahadhari. Ireland ilikuwa ndani ya muungano, ikatoka miaka zaidi ya mia moja iliyopita, na ina kiti chake, jeshi lake na pasipoti yake. Jeshi hilo Wakongo wa Katanga wamelishuhudia: Septemba 1961 kikosi cha Waairishi waliovaa kofia za Umoja wa Mataifa kilizingirwa Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, na kilipigana kwa siku kadhaa hadi risasi na maji vikawaishia. Hawakutumwa na London.

Kinachobaki ni Ireland Kaskazini, na hapa ndipo wahariri wengi wanaojiona wameshaelewa hukosea upande wa pili. Kaunti sita zilibaki ndani ya ufalme, na jina rasmi la ufalme huo linasema wazi: Ufalme wa Muungano wa Britania Kuu na Ireland Kaskazini. Kwa hiyo Belfast imo katika ufalme na Dublin haimo. Mtu akishaambiwa kwamba Ireland si Uingereza, hurudi wiki inayofuata akiandika kwamba Ireland Kaskazini nayo si ya ufalme huo, halafu hunishangaa nikimrekebisha tena.

Halafu anakuja na "Ireland Kusini." Neno hili linanikera kuliko mengine yote, kwa kuwa linaonekana la busara: kama kuna Kaskazini, si lazima kuwe na Kusini? Hakuna nchi yenye jina hilo. Katiba inasema jina ni Éire, na kwa Kiingereza ni Ireland, basi. Sheria ya 1948 iliongeza maneno "Jamhuri ya Ireland" kama maelezo ya dola, na hayo tunaweza kuyatumia tukihitaji kutofautisha. Lakini "Kusini" inakosea hata kijiografia. Ncha ya kaskazini kabisa ya kisiwa kizima, Malin Head, iko katika kaunti ya Donegal, na Donegal ni ya Jamhuri. Mkazi wa huko akisafiri kwenda mji wa Derry, ulio katika Ireland Kaskazini, anaelekea kusini. Mkoa wa kale wa Ulster una kaunti tisa. Sita zimo Ireland Kaskazini na tatu, yaani Donegal, Cavan na Monaghan, zimo katika Jamhuri, hivyo hata "Ulster" si jina jingine la Ireland Kaskazini, ingawa upande mmoja wa siasa za huko hulitumia hivyo kila siku. Mfasiri anayeandika "Ulster" bila kuuliza ni nani aliyelisema, amechukua upande bila kujua.

Ukitaka kuuona mpaka wenyewe, panda basi Dublin uelekee Belfast. Baada ya Dundalk hakuna lango, hakuna askari, hakuna anayeomba pasipoti. Tazama ukingo wa barabara: mstari uliokuwa wa njano unageuka mweupe, na vibao vya mwendo vinaacha kilomita na kuanza kuhesabu maili. Ukishuka Newry kununua maji, bei imeandikwa kwa pauni. Mpaka huo una urefu wa karibu kilomita 500, na ndio uliozifanya serikali za Ulaya zikose usingizi baada ya kura ya Brexit ya 2016, ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, kwa sababu ghafla ukawa mpaka wa Umoja wa Ulaya wote. Wapiga kura wa Ireland Kaskazini walitaka kubaki Ulaya kwa asilimia 55.8, lakini walitolewa pamoja na wengine.

Kutoonekana kwa mpaka huo kunawaponza watu wetu. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania aliyepewa viza ya kwenda London au Belfast hawezi kuitumia hiyo peke yake kuingia Dublin. Hakuna aliyemzuia barabarani, naye akadhani ameruhusiwa, mpaka siku anayoulizwa. Nimekaa na watu waliotokwa na machozi kwa sababu ya jambo hili, na chanzo chake kilikuwa ile sentensi moja, kwamba "yote ni Uingereza."

Katika habari za siku hizi kosa linazidi kuwa na uzito. Ireland ililitambua taifa la Palestina tarehe 28 Mei 2024, siku moja na Hispania na Norwe. Uingereza ililitambua tarehe 21 Septemba 2025. Mhariri anayezichanganya nchi hizi amekosea kwa karibu miezi 16, katika suala ambalo wasomaji wetu wa pwani na wa Ghuba wanalifuatilia kwa karibu sana. Desemba 2025 shirika la utangazaji la Ireland, RTÉ, lilitangaza kwamba nchi haitashiriki shindano la nyimbo la Eurovision la 2026 kwa sababu Israeli inashiriki, lakini Uingereza ilibaki. Waairishi wengi wanapoitazama Palestina wanaikumbuka historia yao ya kutawaliwa. Msomaji hawezi kuuelewa msimamo huo ikiwa tumemwambia kwamba Waairishi ndio watawala wenyewe.

Kuhusu dini nitasema machache. Ugomvi wa Ireland Kaskazini haukuwa vita vya Wakatoliki na Waprotestanti juu ya imani. Ulihusu nchi ipi iitawale ardhi hiyo na nani apate kazi, nyumba na kura. Rais wa kwanza wa Ireland, Douglas Hyde, aliyeingia madarakani mwaka 1938, alikuwa Mprotestanti. Andikeni "wanaotaka kuungana na Ireland" na "wanaotaka kubaki katika ufalme," na habari itaeleweka.

Sasa yale ambayo mimi mwenyewe sina hakika nayo. Bunge la London lilipitisha sheria mwaka 1949 iliyokubali kwamba Ireland si sehemu ya himaya tena, lakini ikasema vilevile kwamba isihesabiwe kuwa nchi ya kigeni. Mpaka leo Mwairishi anaweza kuhamia Manchester bila viza, akafanya kazi, akapiga kura ya kuchagua mbunge wa Bunge la London. Ninapoandika "nchi ya kigeni" nikiizungumzia Ireland kwa upande wa Uingereza, nasema kweli kwa Kiswahili na nakosea kwa sheria yao. Sijapata neno.

Cheo cha Michelle O'Neill nacho kinanisumbua. Tangu Februari 2024 ni Waziri wa Kwanza wa Ireland Kaskazini, wa kwanza kutoka upande unaotaka kisiwa kiungane, na Emma Little-Pengelly tunamwita "Naibu Waziri wa Kwanza." Kwa Kiswahili naibu yuko chini ya mkuu wake. Huko wana mamlaka sawa, na mmoja akijiuzulu mwingine hawezi kubaki. "Naibu" ni tafsiri sahihi ya cheo na ni maelezo mabaya ya kazi, nami nimeendelea kuitumia nikiongeza sentensi ya ufafanuzi kila mara.

Burudani ni ngumu zaidi. Cillian Murphy ni mtu wa Cork, na aliposhinda Oscar Machi 2024 nilizifuta "Mwingereza" tatu katika siku moja bila kusita. Lakini filamu ya The Banshees of Inisherin, yenye kisa cha kisiwa cha Ireland na iliyopigwa picha Inis Mór na Achill, ilipewa mwaka 2023 tuzo ya BAFTA ya filamu bora ya Uingereza. Mwongozaji wake, Martin McDonagh, alizaliwa London kwa wazazi Waairishi, na fedha za Uingereza zimo. Niliiita "filamu ya Kiairishi" na bado nadhani mwenzangu aliyepinga alikuwa na hoja.

Karibu na ninapoishi kuna sanduku la kutia barua la chuma, limepakwa kijani mara nyingi hadi rangi imefanya ganda. Ukipitisha kidole mbele yake unazihisi herufi V na R chini ya taji, alama ya Malkia Victoria. Dola mpya haikuyang'oa masanduku ya mtawala. Iliipaka nyekundu yao kwa kijani, na barua zikaendelea kwenda.

Ile rasimu nimeirudisha ikisomeka "Rais wa Ireland, Catherine Connolly," bila kiambatisho, kama tunavyoandika Rais wa Ghana. Kijana alinijibu kwa adabu, "Shikamoo mwalimu, nimeelewa," kisha akauliza juu ya Rhys McClenaghan, mwanajimnastiki wa Newtownards katika Ireland Kaskazini, aliyeishindia Ireland Kaskazini dhahabu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2018 na akaishindia Ireland dhahabu katika Olimpiki ya Paris ya 2024. Mkataba wa Ijumaa Kuu wa 1998 unampa mtu wa Ireland Kaskazini haki ya kujitambulisha kuwa Mwairishi, Mbritania, au vyote viwili, na mhariri hana mamlaka ya kumchagulia. Nimemwambia aandike mji alikotoka na bendera aliyoshindia siku hiyo, na kwa uraia asubiri mpaka mwenyewe auseme.